Umenunua Ploti Kambu? Cheki Kama Benki Bado Ina Mkono Wake Hapo

Chukulia hivi. Umesota Nairobi miaka sita. Umekula githeri jioni baada ya jioni ndio chama ipate chake, umeweka doo kwa SACCO, na mwishowe umepata ploti ya bei poa Kambu, pale kwa Mombasa Road kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Mwenye kuuza ni mzee mtaratibu, anakukaribisha chini ya mti na kikombe cha uji, anakuita mwanangu. Ukiuliza taito, anakupea kopi.

"Orijino ilibaki benki, nilikuwa nimechukua loni ya karo. Lakini hiyo deni nilimaliza kitambo. Usijali."

Mnaandikiana karatasi, mashahidi wawili wanatia sahihi, unatuma pesa. Unamwaga mawe, unachimba choo, unapandisha mjengo wa vyumba viwili. Miaka mitatu baadaye broo wako anakutumia picha ya tangazo la gazeti kwa WhatsApp. Ni mnada. Unasoma namba ya ploti mara mbili, mara tatu. Ni yako.

Huyo mzee ni wa kufikiria tu. Lakini sheria ya ardhi ya Kenya inaruhusu hiyo stori itokee vile imeandikwa hapo juu, hatua kwa hatua, na sio lazima mzee awe mwizi. Anaweza kuwa alilipa kweli. Noma iko kwa kitu kimoja ambacho wasee wengi hawacheki: rehani ambayo haikufutwa kwa rejista.

Na saa hii ndio wakati wa kuijua. Tangu treni ya SGR ianze 2017 na stesheni zake zikawekwa Kibwezi na Mtito Andei, na lami ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui ikapita, broka amekuwa rafiki wa kila mtu huku. Ploti zinauzwa kwa Facebook kama mitumba. Kabla utume hata bob, soma hii.

Chaji ya ardhi, sio ya simu

Ukienda benki ama SACCO kukopa na uweke shamba kama dhamana, kinachofanyika kinaitwa chaji. Kwa Kiswahili sanifu ni rehani. Shamba inabaki kwa jina lako, unaendelea kulima ndengu zako, lakini benki imeandikwa kwa rejista kwamba ina haki ya kuuza hiyo shamba ukishindwa kulipa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema hivyo kwa kifungu cha 80: chaji ni dhamana tu, umiliki hauhami.

Sasa skia vizuri. Chaji haifuati mtu, inafuata ardhi. Mwenye alikopa anaweza kuuza, kuhama, hata kudedi, na chaji inabaki imekaa hapo kwa rejista kama kupe. Mwenye anaingia baadaye anaipata hapo.

Rejista ya shamba ina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe: namba, ukubwa, ramani. Sehemu B ina jina la mwenyewe. Sehemu C ndio ina mizigo, kama chaji. Watu wengi wakiona jina la muuzaji kwa sehemu B wanachangamka na kukimbilia M-Pesa. Hatari yote iko sehemu C.

Kulipa sio kufuta

Hapa ndio wasee wengi huchezwa, wauzaji kwa wanunuzi.

Ukimaliza kulipa loni, chaji haijifuti. Lazima benki itie sahihi hati ya kufuta rehani, ile mawakili huita dischaji, halafu hiyo hati ipelekwe ofisi ya usajili wa ardhi na iingizwe kwa rejista. Mpaka hiyo siku, sehemu C bado inasema benki inadai. Barua ya benki yenye imeandikwa "umemaliza deni" ni nzuri, iweke salama, lakini rejista haisomi barua zilizo kwa droo yako.

Kifungu cha 85 cha Sheria ya Ardhi kinampa mkopaji haki ya kufutiwa chaji akishalipa kila kitu. Ni haki, ndio, lakini haijitekelezi. Mzee wa ocha amemaliza kulipa, amepewa hati na taito yake, anaenda nyumbani anaziweka kwa sanduku la bati chini ya kitanda. Kwa akili yake, mambo yameisha. Kwa rejista, hakuna kimebadilika. Miaka 15 baadaye mjukuu anauza, na hati imeliwa na mchwa.

Kuna mtego mwingine mkali zaidi. Sio kila chaji ni ya loni moja. Nyingine ni za ovadrafti, yaani benki inakuruhusu uchote, ulipe, uchote tena, na shamba inashikilia yote. Akaunti ikifika sufuri leo, chaji inabaki macho ikingoja mchoto wa kesho. Marekani hii mambo imezaa kesi nyingi, juu huko watu hukopa kwa kuchotachota thamani ya nyumba. Nyumba inauzwa, deni linalipwa mpaka sufuri, lakini akaunti haifungwi rasmi na chaji haiondolewi. Mwenye zamani anarudi kuchota, na deni jipya linakalia nyumba ya mtu mwingine. Kenya mtambo ni ule ule: kama akaunti haijafungwa na chaji haijafutwa, sufuri ni pumziko tu.

Halafu kuna hii: mtu ana loni mbili benki moja, moja ya shamba na nyingine ya lori. Analipa ya shamba, benki inakataa kuachilia taito mpaka lori nayo ilipwe. Kifungu cha 83 kinasema mkopaji anaweza kukomboa chaji moja bila kulazimishwa kukomboa zingine, isipokuwa hati ya chaji yenyewe iliandika wazi kinyume. Na hati nyingi za benki huwa zimeandika. Kwa hivyo muuzaji akikuambia amelipa, muulize pia kama amewahi kuwa mdhamini wa mtu kwa hiyo benki.

Njia tano za kunaswa huku Kambu

Ya kwanza ni taito mama. Mtu ana ekari 20, ameziweka benki. Anachora ploti za 50 kwa 100, anaweka mawe ya mipaka, anauza kwa agriment. Kila mnunuzi ana karatasi yake, lakini kwa rejista kuna taito moja tu, na benki imeikalia. Mwenye shamba akishindwa kulipa, benki haiuzi ekari 20 kasoro ploti yako. Inauza zote. Dawa ni benki ikubali kwa maandishi kuachilia kipande chako, na kiwe na namba yake.

Ya pili ni mashamba ya skimu. Sehemu kubwa ya Kibwezi Mashariki imegawanywa kupitia skimu za makazi za serikali, kama Ngai Ndethya. Kwa skimu nyingi Kenya, mwenye kupewa ploti alipewa kwa mkopo wa serikali, na mdai alikuwa mfuko wa makazi uliojulikana kama Settlement Fund Trustees, yaani SFT. Siku hizi kazi hiyo iko chini ya Land Settlement Fund ya Sheria ya Ardhi ya 2012. Kama mwenyewe hakumaliza kulipa, ama alimaliza na hakuchukua hati ya kufutiwa chaji, ploti bado ina mkono wa serikali. Imeuzwa mara tatu kwa karatasi za chifu, na hakuna hata mmoja kati ya wanunuzi watatu anayeonekana kwa rejista. Kwa hivyo, kwa ploti ya skimu, ulizia barua ya kupewa, risiti za malipo na hati ya SFT ya kufuta chaji. Zote tatu.

Ya tatu ni benki yenye imebadilisha jina. Rejista inasema "Savings and Loan Kenya". Utaitafuta wapi? Iliunganishwa na KCB mwaka wa 2010. EABS Bank ilichukuliwa na Ecobank 2008. NIC na CBA zikawa NCBA 2019. Barclays ya hapa ikawa Absa 2020. Benki iliyoangushwa, kama Imperial ya 2015, mambo yake unayauliza shirika la serikali la bima ya amana, KDIC. Deni la zamani halipotei juu bango la mlangoni limebadilishwa. Lakini pia haki ya kufutiwa haipotei: mwenye alirithi vitabu vya benki ndiye anatia sahihi.

Ya nne ni urithi. Mbuyu amededi, watoto wanamaliza kesi ya urithi kortini, shamba inaandikwa kwa majina yao. Hakuna mtu alijua mzee alidhamini SACCO ya rafiki yake. Sheria ya urithi haioshi madeni. Mali inagawanywa ikiwa na mizigo yake. Ukinunua kwa warithi, umenunua na mzigo.

Ya tano ni karatasi feki. Mjanja anaghushi hati ya kufuta chaji, anaipenyeza, sachi inatoka safi, anakuuzia. Benki inakuja baadaye ikiwa na taito orijino kwa sefu yake. Hapo mko wawili kortini, kila mtu analia ameoshwa.

Kortini nani ana nguvu?

Jibu linategemea umefika wapi na usajili.

Kama una agriment tu na haujasajiliwa, na benki ilisajili chaji kabla yako, benki iko mbele. Hata kama umejenga. Hata kama jirani wote wanakujua. Na usidhani mtaendelea na kusajili polepole: kifungu cha 87 kinasema kama chaji inakataza kuuza bila ruhusa ya benki, msajili hawezi kuandikisha uhamisho mpaka aone ruhusa ya maandishi. Ndio maana muuzaji mwenye chaji hukwambia "taito itatoka baadaye". Haiwezi kutoka.

Kama uhamisho ulisajiliwa na chaji ilibaki kwa sehemu C, umiliki ni wako lakini na chaji juu yake. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema taito ni ushahidi wa umiliki, chini ya mizigo yote iliyoandikwa. Hauwezi kusema hukujua kitu kilichokuwa kimeandikwa kwa rejista ambayo ulikuwa na haki ya kuisoma.

Kama una taito safi lakini ilipatikana kwa hati ya kughushi, hapo kuna ngoma. Kifungu hicho hicho cha 26 kinaruhusu taito kupingwa kama ilipatikana kwa ulaghai ama njia isiyo halali. Na mwaka wa 2023, kwa kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema kushika taito pekee hakutoshi. Lazima uonyeshe mizizi yake ni halali. Kwa upande mwingine, kifungu cha 80 kinamlinda mnunuzi ambaye tayari anaimiliki ardhi kwa kukaa ndani yake na aliyelipa pesa halali: rejista haitarekebishwa dhidi yake isipokuwa alijua kuhusu ulaghai, ama aliuchangia kwa kitendo au uzembe wake. Soma hilo neno uzembe mara mbili. Sachi uliyofanya, risiti uliyoweka na wakili uliyemlipa ndio ushahidi kwamba haukuwa mzembe.

Benki nayo sio malaika. Chaji inaweza kuanguka. Kama shamba ni nyumba ya ndoa na mke ama mume hakukubali, chaji ina kasoro kwa kifungu cha 79. Kama ni shamba la kilimo, na sehemu kubwa ya huku ni hivyo, kuikopea kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Bila kibali, ile dili ni bure kisheria. Wakili mzuri huanza kuchimba hapo.

Notisi zinaenda kwa mtu mwingine

Hii ndio inaumiza. Kabla mnada ufanyike, sheria inataka hatua. Kwanza notisi ya miezi mitatu ya kumtaka mkopaji alipe. Halafu notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza. Halafu dalali wa mnada anatoa siku 45 za kukomboa, na tangazo la gazeti siku zisizopungua 14 kabla ya mnada. Ukijumlisha, ni zaidi ya nusu mwaka ya onyo.

Lakini onyo linamfikia nani? Mkopaji. Mke ama mume wake. Mdhamini. Wewe mwenye agriment hauko kwa rejista, kwa hivyo barua zinaenda kwa sanduku la posta la mzee ambaye alishahamia kwa kijana wake Voi. Wewe unaweka mabati huku saa inahesabu.

Na nyundo ikianguka, mchezo unabadilika kabisa. Korti zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba haki ya kukomboa inaisha hapo mnadani. Kifungu cha 99 kinamlinda mwenye amenunua mnadani. Mtu aliyeumizwa na mnada wenye kasoro anabaki kudai fidia kutoka kwa benki. Utadai pesa, sio ploti. Mti uliopanda hautarudi.

Kabla utume pesa

Andika hii list kwa simu.

Moja, jua rejista ni ya wapi. Kambu iko Makueni na rejista yake iko Wote. Ukivuka Mto Athi uko Kitui, na faili ziko Kitui mjini. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka wa 1992, kwa hivyo taito ya zamani inaweza kuwa na historia yake Machakos. Broka akikuonyesha sachi, angalia imetoka ofisi gani.

Mbili, fanya sachi mwenyewe. Usikubali sachi ya muuzaji, hata kama ina muhuri unaong'aa. Nenda na kopi ya taito, kitambulisho na PIN ya KRA. Ukipata majibu, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya mizigo. Pia omba kopi iliyothibitishwa ya rejista yenyewe, ile watu huita grinkadi. Hiyo ndio inaonyesha historia: nani alikopa, lini, na kama chaji ya zamani ilifutwa ama ilirukwa.

Tatu, muuzaji akisema taito iko benki, usitoroke. Sio dili mbaya lazima. Lakini usimpe yeye pesa ya deni ati aende akalipe. Benki iandike barua ya kiasi kamili kilichobaki mpaka tarehe fulani, ikitaja pia kama kuna madeni mengine yanayoshikiliwa na hiyo taito. Wakili wako na wa benki wanapeana ahadi ya kikazi ya maandishi: pesa inaenda benki moja kwa moja, benki inatoa hati ya kufuta chaji na taito. Ahadi ya wakili sio maneno ya keja. Akivunja, korti inaweza kumlazimisha kwa Kanuni ya 52 ya kesi za madai.

Nne, kama ni ovadrafti, barua iseme akaunti imefungwa. "Baki ni sufuri" haitoshi.

Tano, shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane, la sivyo makubaliano yanaweza kuwa bure na ubaki kudai pesa zako kama deni la kawaida.

Sita, bakisha pesa. Usimalize kulipa kabla hati ya kufuta chaji isajiliwe. Ushuru wa stempu kwa uhamisho ni asilimia 2 ya thamani vijijini na 4 kwa manispaa. Panga hiyo mapema ndio usikwame katikati ukisema utasajili baadaye.

Saba, fanya sachi ya pili siku ya kumaliza malipo, na ya tatu uhamisho ukishasajiliwa. Ya tatu ndio tamu: jina lako kwa sehemu B, na sehemu C safi.

Kama tayari umenaswa

Usizime simu, usihamie kwa maombi pekee. Kila wiki ina bei yake.

Anza na sachi leo. Jua kama chaji iko, ni ya nani, na ya kiasi gani. Halafu mpate muuzaji kabla mambo yawe moto. Kama alilipa kweli, tafuteni risiti na barua, muende benki ama kwa mrithi wa benki muitishe hati ya kufuta chaji kwa kifungu cha 85. Kesi nyingi zinaishia hapo kwa kalamu na muhuri, bila korti.

Kama deni bado liko, piga hesabu na akili baridi. Kuna sheria ya kuzuia riba kufura: tangu Mei 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema loni iliyokwama haiwezi kuzaa riba zaidi ya ule msingi uliokuwa unadaiwa ilipokwama. Kama deni lililobaki ni dogo kuliko thamani ya mjengo wako, kuongea na benki mlipe na ukatwe kwa bei ya muuzaji kunaweza kuwa rahisi kuliko miaka mitano ya kesi.

Weka zuio kwa rejista ukiwa mnunuzi mwenye agriment. Kifungu cha 71 kinakuruhusu. Haliondoi chaji iliyotangulia, lakini linazuia mzee asiuzie mtu wa tatu, na linakufanya uonekane kwa faili.

Kama mnada umetangazwa, wakili aombe amri ya kusimamisha. Korti itakupima kwa mizani ya kesi ya Cassman Brown ya 1973: je, kesi yako ina uzito, je, hasara yako haiwezi kulipika kwa pesa, na bila hizo kueleweka, nani ataumia zaidi. Kusema "nimejenga hapo" peke yake haitoshi. Onyesha kasoro: notisi haikutolewa, kibali hakikuwepo, deni lililipwa.

Na uende mlango sahihi. Mizozo ya umiliki na rejista huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini mwaka wa 2017, kwa kesi iliyohusu Co-operative Bank, Mahakama ya Rufaa ilisema mzozo wa chaji ambao kiini chake ni hesabu za loni ni wa Mahakama Kuu. Ukibisha mlango usio wako, kesi inatupwa na mnada unaendelea.

Muuzaji alikuficha chaji makusudi? Kupata pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka mitatu ndani. Andikisha OB. Huna pesa ya wakili? Kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016, na kuna Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973 kusaidia watu wa kawaida.

Na kama ni nyinyi ndio mnamiliki

Wengi wenu mnaosoma hii hamnunui kesho. Lakini nyumbani kuna mathe ama mbuyu mwenye taito. Wikendi hii ukishuka Kambu, baada ya chai, uliza swali moja kwa heshima: "Hii shamba iliwahi kuwekwa benki ama SACCO? Hati ya kufutwa iko wapi?"

Kama iko kwa sanduku la bati, itoe. Ipelekeni Wote isajiliwe mzee akiwa bado hai na ana nguvu ya kutia sahihi. Ni kazi ya siku chache sasa. Akishalala, itakuwa kazi ya miaka, na nyinyi ndugu mtakuwa mnaiangalia kortini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ploti yako ina daftari, liko Wote, na kulisoma ni bei ndogo. Ukifika, anza na sehemu C.